Kabla hujafuta faili lenye jina geni

Kazi nyingi zinazoletwa dukani kwangu zikiwa "zimepotea" bado zipo. Zipo kwenye flashi ileile ambayo mwenyewe ameishika mkononi, ila zimekaa chini ya jina asilolitambua: .wbk, .asd, .bak, au folda iliyofichwa na virusi. Kinachozimaliza kabisa ni haraka. Mtu anaona jina geni, anasema takataka hii, anafuta. Au kompyuta inamwomba ruhusa ya kufomati flashi, yaani kuifuta yote, naye anakubali ili mambo yaishe.

Nina steshenari hapa Morogoro, karibu na stendi ya Msamvu. Tunachapa ripoti za wanachuo, mitihani ya shule, kadi za harusi na barua za maombi ya kazi. Haya ndiyo ninayowaelekeza wateja wangu, na nayaandika kwa sababu inaniuma kumwona mtu akianza upya kazi ya miezi ambayo ingeweza kurudi ndani ya dakika chache.

Ifanye kompyuta ikuonyeshe jina zima

Windows, jinsi inavyokuja, huficha kiendelezi, yaani zile herufi zinazofuata nukta ya mwisho kwenye jina la faili. Badilisha hilo leo. Kwenye Windows 10 fungua folda yoyote, bofya View, weka tiki kwenye File name extensions. Kwenye Windows 11 ni View, kisha Show, kisha File name extensions. Basi.

Ubaya wa kuficha viendelezi ulionekana dunia nzima mwezi Mei 2000. Kirusi cha kompyuta kilichoanzia Ufilipino kilisambaa kwa barua pepe kikiwa ndani ya kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Ambao kompyuta zao zilificha kiendelezi waliona .TXT tu, wakadhani ni maandishi ya kawaida, kumbe .vbs ni programu ndogo inayoanza kazi mara ukiibofya. Mbinu hiyo haijafa. Hadi leo mtu hutumiwa "risiti" ambayo jina lake linaishia .pdf.exe na imevikwa alama nyekundu ya PDF. Kinachohesabika ni kilicho baada ya nukta ya mwisho. Vilivyotangulia ni mapambo.

Kiendelezi ni dai, hakijathibitisha kitu

Windows ikiona .docx inaita Word, ikiona .xlsx inaita Excel. Haichunguzi kwanza ndani mna nini. Kwa hiyo ukibadili jina la picha.heic likawa picha.jpg, hujabadili picha. Umebadili kibandiko chake. Hili hunikuta sana kwa wenye iPhone, maana tangu iOS 11 ya mwaka 2017 simu hizo hupiga picha kwa HEIC. Ili upate JPG ya kweli, ifungue picha kwenye programu inayoisoma HEIC kisha uihifadhi upya kwa JPG, au uingie kwenye mipangilio ya kamera ya simu, sehemu ya Formats, uchague Most Compatible kwa picha zijazo.

Ukilishuku faili, tengeneza nakala yake, kisha ifungue hiyo nakala kwa Notepad. Utaona mchanganyiko wa alama zisizosomeka, lakini wewe tazama mwanzo kabisa. Likianza na %PDF, ni PDF hata kama limeitwa .doc. Likianza na MZ, ni programu ya Windows, na kama jina lake linadai ni picha au risiti, usiliguse tena. Likianza na PK, ni kifurushi cha zipu. Herufi hizo ni za Phil Katz, Mmarekani aliyeleta muundo wa ZIP mwaka 1989. Ukimaliza kutazama funga bila kuhifadhi. Notepad ikihifadhi faili la namna hiyo inaliharibu.

Hapo kwenye PK kuna jambo linalookoa wanachuo wengi. Tangu Office ya 2007, mafaili ya .docx, .xlsx na .pptx kwa ndani ni zipu. Kwa hiyo ripoti ya Word ikikataa kufunguka, usikate tamaa. Anza na njia ya Word yenyewe: File, Open, Browse, lichague faili, kisha bofya kimshale kilicho pembeni ya kitufe cha Open na uchague Open and Repair. Ikishindikana, chukua nakala ya ripoti, badili .docx iwe .zip, ifungue. Ndani kuna folda iitwayo word. Ndani yake kuna folda ya media yenye picha zote ulizobandika, na faili la document.xml lenye maneno ya ripoti yako, yakiwa yamezungukwa na alama za mitambo. Maneno hayo unaweza kuyatoa na kuyabandika kwenye ukurasa mpya. Mpangilio utapotea, majedwali yatavurugika, lakini sura ya nne ya utafiti wako itakuwa mkononi. Kama hata zipu inagoma, jaribu 7-Zip, ambayo ni ya bure na mara nyingine hufungua kifurushi ambacho Windows imekisusa.

Faili la .doc la zamani si zipu, kwa hiyo ujanja huu haufanyi kazi huko.

Flashi yenye shotikati tupu

Hili ndilo tatizo linaloleta machozi kuliko yote. Mtu amechomeka flashi kwenye kompyuta ya mahali fulani, akirudi kwake anakuta kila folda imegeuka shotikati, yaani kifaili kinachoelekeza tu kwenye kitu kingine, ya KB 1 au 2, ina kimshale kidogo kwenye kona. Anabofya, na virusi vinaingia kwenye kompyuta yake pia.

Shotikati ina kiendelezi cha .lnk, na hiki Windows hukificha hata baada ya kuweka ile tiki niliyoeleza juu. Kitafute kwenye safu ya Type: imeandikwa Shortcut. Usiibofye. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, tazama nafasi iliyotumika. Kama flashi inaonekana tupu au ina shotikati tu, lakini nafasi iliyotumika ni kubwa, basi mafaili yako yapo. Yamefichwa tu.

Angalia flashi imepewa herufi gani. Tuseme ni E. Fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, na uandike hivi, kisha ubonyeze Enter:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hiyo huondoa alama za kuficha, kuzuia kuandika na kujifanya faili la mfumo, kwenye kila faili na kila folda ndani ya flashi. Subiri imalize. Sasa fungua flashi. Mara nyingi utakuta folda zako zimerudi kando ya zile shotikati. Mara nyingine zote zimesukumwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Nakili nyaraka na picha zako tu kwenda kwenye kompyuta safi. Acha kila chenye .lnk, .vbs, .js na .exe ambacho hukukiweka mwenyewe. Kinachoitwa System Volume Information ni cha Windows, usihangaike nacho. Fungua nyaraka mbili tatu uhakikishe zimenakiliwa sawasawa, kisha ndipo ufomati flashi. Na ile kompyuta iliyoambukiza nayo isafishwe, la sivyo utarudi hapohapo kesho.

Bekapu hazifanani

Watu huuliza, "Dada, hili .bak nalifunguaje?" Jibu langu ni swali: limetoka kwenye programu gani? Kiendelezi cha bekapu, yaani nakala ya akiba, hakikuambii kila kitu. Mimi huzigawa bekapu kwa namna zinavyorudishwa.

Zipo ambazo ni nakala kamili, zimebadilishwa jina tu. Ya mchora ramani ni mfano mzuri: AutoCAD ikihifadhi Nyumba.dwg, toleo lililotangulia hulibakiza kama Nyumba.bak. Dwg ikiharibika, nakili ile .bak mahali pengine, badili jina liwe Nyumba2.dwg, fungua. Zile za kujihifadhi zenyewe huishia .sv$, nazo hurudi kwa njia hiyohiyo.

Word nayo ina yake, ila lazima uiwashe: File, Options, Advanced, shuka hadi Save, weka tiki kwenye Always create backup copy. Kuanzia hapo kila ukihifadhi, pembeni ya ripoti patakuwa na faili linaloanza na "Backup of" na kuishia .wbk. Hilo lina kazi yako kama ilivyokuwa kabla ya kuhifadhi mara ya mwisho. Likiwa limefunguliwa kwa Word, lihifadhi kwa jina jipya la .docx. Nawasihi wanachuo wote waiwashe tiki hiyo siku ya kwanza ya kuandika.

Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, tafuta .asd. Word hujiwekea akiba kila dakika 10 usipobadili mpangilio. Mimi hushauri iwe dakika 2. Nenda File, Info, Manage Document, kisha Recover Unsaved Documents. Lakini usidanganywe na faili dogo kama "~$poti ya mwisho.docx". Hilo halina kazi yako hata kidogo. Ni alama tu kwamba ripoti iko wazi mahali fulani, nalo hufutika Word ikifungwa vizuri.

Sasa rudi kwa yule mwenye .bak. Kama imetoka kwenye mfumo wa mauzo wa duka unaotumia SQL Server, programu ya kutunza hifadhidata, kubadili jina hakusaidii kitu. Hiyo ni hifadhidata nzima, na njia yake ni kuirudisha kupitia SQL Server yenyewe kwa amri ya Restore. Tena bekapu iliyotoka toleo jipya la SQL Server haikubali kurudi kwenye toleo la zamani. Kwa hiyo andika pembeni ya bekapu imetoka toleo lipi. Wenye tovuti za MySQL, programu nyingine ya aina hiyo, hukutana na .sql, ambayo ni maandishi ya kawaida ya amri za kuijenga hifadhidata upya. Hiyo hata Notepad inaisoma.

Zipo bekapu ambazo ni furushi: .zip, .rar, .7z, .tar.gz. Hizi zinahitaji kufunguliwa kwanza, na kosa ninaloliona kila wiki ni mtu kuingia ndani ya zipu, kubofya ripoti, kuihariri humohumo, kisha kushangaa mabadiliko hayapo. Bofya zipu kwa kitufe cha kulia, chagua Extract All, halafu fanya kazi kwenye folda iliyotoka. Ukikuta .part1.rar, .part2.rar, au .001, .002, ujue furushi limekatwa vipande: viweke vyote kwenye folda moja, ufungue cha kwanza. Kikikosekana kimoja, kilichobaki ni pungufu. Ile .tar.gz ina tabaka mbili, kwa hiyo 7-Zip ikikufungulia ukakutana na .tar, ifungue tena.

Na flashi ikikataa furushi kubwa kwa kusema faili limezidi ukubwa ilhali nafasi ipo, sababu ni FAT32, mpangilio usiokubali faili moja linalozidi GB 4. Hamisha vilivyomo, fomati flashi kwa exFAT, rudisha.

Za mwisho ni zile zilizofungwa na programu yake na hazifunguki bila hiyo programu. Wahasibu wa QuickBooks wanazijua: .QBW ndilo faili la kazi, .QBB ndiyo bekapu. Ukibofya tu .QBB ukitegemea hesabu zifunguke kama Excel, utaona imekwama. Pita ndani ya QuickBooks, File, Open or Restore Company, chagua Restore a backup copy. Na ukishaifungua kwenye toleo jipya, hesabu hupandishwa hadi toleo hilo na la zamani halitazisoma tena, kwa hiyo usijaribie kwenye nakala ya pekee. Bekapu za kompyuta nzima nazo ziko kundi hili: .gho ya Norton Ghost, .tib ya Acronis, .mrimg ya Macrium. Afadhali .vhdx, maana Windows yenyewe, kuanzia 8, inaweza kuifungua kama diski nyingine ukatoa faili moja unalolitaka.

WhatsApp

Biashara nyingi hapa mjini zinaishi ndani ya WhatsApp: oda, madeni, picha za mizigo. Kwenye Android bekapu ya ndani hukaa Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Databases. Humo kuna msgstore.db.crypt14 au .crypt15, na nyingine zenye tarehe kwenye jina. WhatsApp huitengeneza kila siku saa 8 usiku na kubakiza za siku saba hivi.

Hakuna programu ya kawaida itakayolifungua faili hilo, na usimpe mtu wa mtandaoni anayedai anaweza. Linarudi kwa namba ileile ya simu, wakati WhatsApp inasakinishwa. Kabla ya kuifuta WhatsApp au kubadili simu, nakili folda nzima ya WhatsApp, maana picha na sauti hazimo ndani ya msgstore. Zina folda yake iitwayo Media. Kwenye simu mpya sakinisha WhatsApp bila kuisajili, weka folda mahali pake, ndipo uifungue na kuthibitisha namba. Itakuuliza kama urudishe mazungumzo. Ukitaka bekapu ya siku iliyopita, tafuta iliyoandikwa mfano msgstore-2025-03-14.1.db.crypt14, uondoe tarehe na ile .1 ibaki msgstore.db.crypt14. Namba ya crypt usiibadili kamwe. Na kama uliwasha bekapu iliyosimbwa mwisho hadi mwisho, yaani iliyofungwa kwa siri, utatakiwa nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64. Hivyo viandikwe kwenye karatasi na kuhifadhiwa nyumbani, kwa sababu WhatsApp wenyewe hawana njia ya kukurudishia. Folda hii ya Android haiingii kwenye iPhone.

Kiendelezi kilichoongezwa usiku

Ukiamka ukakuta hesabu.xlsx imekuwa hesabu.xlsx.djvu, au mkia wowote wa ajabu kwenye kila faili, pamoja na barua ya kudai pesa, kompyuta imevamiwa na programu ya utekaji. Kukata mkia hakurudishi kitu, maana ndani nako kumesimbwa. Chomoa intaneti, chomoa diski ya nje, usifute chochote. Kwa baadhi ya aina, hasa za zamani, zipo funguo za bure kwenye tovuti ya No More Ransom iliyoanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Ijaribu kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Hapa ndipo bekapu iliyochomolewa inapotofautiana na iliyoachwa imechomekwa mwaka mzima, ambayo nayo hutekwa pamoja na kompyuta. Mpigapicha Peter Krogh alieneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyingine. Kwa mwanachuo hiyo ni laptopu, flashi inayokaa kabatini, na Google Drive. Kwa mhasibu wa duka, diski ya nje iende nyumbani jioni. Na mara moja kwa mwezi ichukue bekapu, ipeleke kwenye kompyuta nyingine, uirudishe kweli, ufungue faili la katikati usome namba zilizomo. Usiishie kuona jina lake kwenye orodha.

Wenye mafaili ya .pub

Neno hili ni kwa wenzangu wa steshenari. Kadi zetu za harusi, vipaimara, vipeperushi vya shule na programu za misiba nyingi ziko kwenye Publisher. Microsoft ilitangaza kwamba Publisher inaishia Oktoba 2026, na wanaotumia Microsoft 365 hawataweza kuyafungua mafaili ya .pub kwa programu hiyo baada ya hapo. Usisubiri mteja arudi kutaka kadi ya mwaka juzi. Kila .pub yenye thamani itolee PDF ya ubora wa kuchapa sasa hivi, weka zote mbili pamoja, na picha ulizozitumia ziwe kwenye folda pembeni. Zile kadi mama unazozibadili majina kila wiki jaribu kuzifungua kwa LibreOffice Draw, ambayo inasoma .pub. Maandishi husogea na fonti nyingine hubadilika, hivyo panga muda wa kuzinyoosha moja baada ya nyingine, ukianza na zile zinazotoka sana msimu wa harusi.